Nguo Moja, Hukumu Mbili: Jukwaa na Mahakama katika London, 1870–1871

Sanaa ya kuigiza ina ruhusa ambayo maisha ya kila siku hayana. Jukwaani maskini huvaa taji, kijana hutembea kwa mkongojo wa mzee, na mwanamume huitwa mama wa watu. Wala hapana mtazamaji arudiye kwake akilalamika kuwa amedanganywa. Lakini ruhusa hiyo ina mpaka, na mpaka wake ni ukingo wa jukwaa. Humpata nini mtu ambaye kwake vazi la mchezo si mchezo, atokapo nalo mlangoni? Swali hili lilifika mbele ya Jaji Mkuu wa Uingereza katika mwaka 1871, na jibu lake lastahili kutafakariwa hata leo.

Kwa Waingereza halikuwa jambo geni kumwona mwanamume katika mavazi ya kike jukwaani. Hadi mwaka 1660 sehemu za wanawake katika nyumba za michezo za London, pamoja na zile zilizotungwa na Shakespeare, zilichezwa na wavulana. Tangu hapo wanawake waliingia jukwaani, lakini desturi ya kubadilishana mavazi haikufa. Iligeuka kuwa kichekesho. Mwaka 1861, katika nyumba ya michezo iitwayo Strand, ulionyeshwa mchezo wa Aladdin uliotungwa na H. J. Byron. Aladdin alichezwa na mwanamke, Marie Wilton. Mama yake, mjane Twankay, alichezwa na mwanamume, James Rogers. Hapana polisi aliyeitwa. Mjane huyo angali akichezwa na wanaume katika michezo ya Krismasi ya Uingereza.

Miaka tisa baadaye, usiku wa tarehe 28 Aprili 1870, katika nyumba ile ile ya Strand, watazamaji wawili walikamatwa na polisi walipokuwa wakiondoka. Mmoja alivaa hariri nyekundu yenye lesi nyeupe, na bangili mikononi. Wa pili alivaa atilasi ya kijani iliyokoza, yenye lesi nyeusi. Majina yao ya kuzaliwa yalikuwa Ernest Boulton na Frederick Park. Rafiki zao waliwaita Stella na Fanny. Boulton alikuwa amepata kuwa karani wa benki. Park, mwana wa ofisa mkubwa wa mahakama, alikuwa akijifunza kazi ya uwakili. Asubuhi yake walisimamishwa mbele ya hakimu wa Bow Street wakiwa katika nguo zile zile za usiku, na umati mkubwa ulikusanyika kuwatazama.

Wote wawili walikuwa wachezaji. Boulton alikuwa na sauti nyororo ya juu, na katika miji ya Uingereza, Scarborough ukiwa mmojawapo, alikwisha kuimba na kucheza sehemu za kike mbele ya watu wenye heshima zao. Aliyecheza pamoja naye alikuwa Lord Arthur Clinton, mwana wa Duke wa Newcastle, aliyepata kuwa mbunge. Magazeti ya huko yalimsifu Boulton, na picha zake katika mavazi ya kike zilipigwa na kuuzwa. Mikono iliyompigia makofi na mikono iliyomtia pingu ilikuwa ya taifa moja, na nguo ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mahali aliposimama.

Sheria ya Uingereza haikuwa na kifungu kilichomkataza mwanamume kuvaa nguo za kike. Ilikuwa na kifungu juu ya tendo la mwanamume kumwingilia mwanamume mwenzake, ambalo adhabu yake ilikuwa kifo hadi mwaka 1861, kisha ikawa kifungo kisichopungua miaka kumi, na kilichoweza kufika maisha. Basi ilibidi vazi lifanywe ushahidi wa tendo. Daktari wa polisi aliwapima miili yao bila ya amri ya hakimu, na madaktari wengine walioitwa baadaye hawakukubaliana naye. Tendo lenyewe lilipokosa shahidi, mashtaka yakawa ya kula njama ya kulitenda. Clinton alitajwa pia katika mashtaka, lakini alifariki katika Juni 1870, kabla ya kesi kusikilizwa.

Kesi ilianza Westminster tarehe 9 Mei 1871, mbele ya Jaji Mkuu Cockburn. Barua zilisomwa, na watu wakasikia kwamba Boulton alijihesabu kuwa mke wa Clinton, hata kuwa na kadi zilizochapwa jina la Lady Arthur Clinton. Hapo ndipo mawakili wa utetezi waliposhika ngao iliyokuwa karibu nao, yaani jukwaa. Walieleza kwamba yote yalikuwa upuuzi wa vijana wapendao michezo, waliochukua mzaha wa jukwaani wakauendeleza nje. Mama yake Boulton alitoa ushahidi kwamba mwanawe alipenda kuvaa kike tangu utotoni. Kwamba siku moja aliwaandalia meza nyumbani akiwa katika mavazi ya mtumishi wa kike, na bibi yake mwenyewe asimtambue. Jaji Mkuu aliulaumu mwenendo wa washtakiwa, lakini alimkemea daktari yule na kuonyesha udhaifu wa mashtaka. Tarehe 15 Mei juri ilishauriana kwa muda wa dakika 53, ikarudi na neno kwamba hawana hatia. Boulton alizimia.

Hukumu hiyo ilikuwa ya haki kwa kipimo cha ushahidi. Lakini yafaa kutazama ilinunuliwa kwa bei gani. Washtakiwa waliokolewa kwa kusemwa kwamba Stella na Fanny hawakuwapo; kwamba walikuwa majina ya mchezo tu. Upande wa mashtaka uliliona vazi kuwa alama ya uhalifu, na upande wa utetezi uliliona kuwa kichekesho. Hapana upande uliouliza kama vazi lile huenda lilikuwa ni kweli ya aliyelivaa. Nyumba usiyolala ndani huijui hila yake, na mahakama ile haikutaka kuingia.

Mwanahistoria naye hana budi kujihadhari. Si halali kuwapa watu wa 1871 jina ambalo wao hawakujiita, wala kukata shauri leo kwamba walikuwa wanawake katika nafsi zao, au wanaume waliopenda wanaume, au vyote pamoja. Katika hili Kiswahili kina staha ambayo Kiingereza kimenyimwa. Kiingereza mara nyingi humsukuma msemaji kuchagua jinsia amtajapo mtu asiyekuwapo. Kiswahili husema “alivaa,” “aliimba,” “alizimia,” na kumwacha mtu na siri yake.

Park alihamia Marekani, akacheza michezo huko, na kufariki mwaka 1881. Boulton alirudi jukwaani kwa jina la Ernest Byne, akaimba tena sehemu za kike, akafariki mwaka 1904. Palepale penye mpaka uliomponza ndipo alipopata riziki yake.

Baada ya zaidi ya karne moja, michezo ya kuigiza iliwarudia. Mwaka 2015 Glenn Chandler aliifanya kesi yao kuwa mchezo wa nyimbo, na mwaka 2016 Neil Bartlett alitoa mchezo uitwao Stella, unaomwonyesha mtu mmoja katika ujana na katika uzee. Safari hii mtazamaji haombwi kucheka na kusahau, aombwa kuamini. Sheria nayo imekwenda na kusita. Sheria ya mwaka 2004 iliwawezesha watu kupata hati ya jinsia waliyoishi nayo, na mwaka 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba katika sheria ya usawa ya 2010 neno “mwanamke” lahusu jinsia ya kuzaliwa. Hoja haijakwisha.

Jukwaa laweza kumzoeza mtazamaji sura asiyoizoea, na huo si msaada mdogo. Lakini jamii ya London ilimkubali Stella saa mbili usiku, taa zikiwaka, ikamkana alipotaka kurudi nyumbani kama alivyo. Kumkubali mtu huanza pale anapoweza kuuvuka ule mlango wa Strand akaenda zake kwa amani.