Neno Mzimu na Tumaini Letu

Sisi tunaokaa chini ya Mlima Meru tumezoea kusikia neno mzimu likitumiwa kutishia watoto wasiotaka kulala. Lakini neno hili lina historia ndefu. Ni la Kibantu, na ndugu zake wako mbali: Waganda husema omuzimu, Wanyarwanda umuzimu. Asili yake si dude la usiku, bali roho ya marehemu wa ukoo. Mzizi huohuo umetupa kuzimu, makao ya wafu, na zimwi, lile jitu la hadithi linalokula watu.

Wamisionari wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri mwaka 1896. Kazi ilianza tena Nkoaranga mwaka 1902, na Ilboru mwaka 1904. Injili iliwakuta wazee wetu wakiwaheshimu waliotangulia na kuwatolea sadaka. Katika mafundisho, mizimu ikawekwa fungu moja na mapepo.

Watafsiri wa Biblia nao walipaswa kuchagua. Wanafunzi walipomwona Yesu akitembea juu ya bahari, Mathayo 14:26, walidhani wanaona nini? Biblia ya Union ya mwaka 1952 inasema kivuli. Habari Njema inasema mzimu. Katika Luka 24:37 Union inasema roho. Kila neno lina mzigo wake. Kivuli hakitishi vya kutosha. Roho linatukumbusha Roho Mtakatifu. Mzimu linawagusa babu zetu.

Hapo ndipo penye jambo kwetu. Tukisema mbele ya wajukuu kwamba mzimu wa babu unatembea shambani, tunamgeuza mzee aliyetulea na kutuombea kuwa kitu cha kukimbiwa. Tukimpelekea sadaka ili asitudhuru, tunampa heshima iliyo ya Mungu peke yake. Njia zote mbili zinatuacha na hofu.

Luka anatuonyesha njia nyingine. Yesu hakuwakemea tu wanafunzi waliotetemeka. Aliwaonyesha mikono na miguu yake, akawaambia wamshike, kisha akala samaki mbele yao. Aliyekufa alikuwa hai, tena mwenye mwili. Ndiyo maana katika Imani ya Mitume tunakiri ufufuo. Basi tunaposimama kwenye makaburi yaliyo kando ya migomba yetu, tuwataje wapendwa wetu kwa majina yao, tumshukuru Mungu kwa ajili yao, na tuwangojee bila woga.