Nakala Iliyosalia Ghana: Urejeshaji wa Mifumo ya Kompyuta ya Maersk, 2017

Tarehe 27 Juni 2017, programu hasidi iliyoitwa NotPetya ilienea kutoka Ukraine kupitia masasisho ya M.E.Doc, programu ya uhasibu iliyotumiwa na kampuni nyingi nchini humo. Miongoni mwa walioathirika ilikuwa Maersk, kampuni ya meli yenye makao makuu Copenhagen. Januari 2018, mwenyekiti wa bodi yake, Jim Hagemann Snabe, alieleza mjini Davos kwamba seva 4,000, kompyuta 45,000 na programu 2,500 zilisakinishwa upya kwa siku 10. Takwimu hizo hunukuliwa mno. Zinaonyesha ukubwa wa kazi, lakini haziwezi kueleza ni nini kilichoiwezesha.

Kusakinisha upya mfumo endeshi ni kazi ya kuchosha kuliko kuwa ngumu, kwani mfumo wenyewe hupatikana kwa mtengenezaji wake. Data haina duka. Kwa mujibu wa uchunguzi wa Andy Greenberg uliochapishwa katika jarida la Wired mwaka 2018, mafundi waliokusanyika Maidenhead, Uingereza, walipata nakala rudufu za takribani seva zote, zilizohifadhiwa kati ya siku 3 na 7 kabla ya shambulio. Walichokikosa ni nakala ya seva za udhibiti wa kikoa, yaani zile zinazotunza rejista ya watumiaji na kuamua nani aruhusiwe kuingia wapi. Bila rejista hiyo, urejeshaji wa seva nyingine ungekwama.

Seva hizo zilikuwa takribani 150, na zilisawazishwa ili kila moja iweze kuwa akiba ya nyingine. Mpango huo ulizingatia kuharibika kwa seva moja moja; haukuzingatia kufutwa kwa zote kwa wakati mmoja. Hapa ndipo penye kiini cha tukio lote: mtandao uliozifanya seva hizo zisawazishwe ndio uliozifanya zote zifikiwe na adui mmoja. Wingi wa nakala ulidhaniwa kuwa usalama, ilhali nakala zote zilikabiliwa na hatari ileile.

Seva moja tu ilinusurika, nayo ilikuwa katika ofisi ya Ghana. Umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya shambulio, hivyo seva ilikuwa nje ya mtandao. Kasoro ambayo taarifa za miundombinu barani Afrika huilalamikia kila mwaka ndiyo iliyofanya kazi ambayo wapangaji wa mfumo hawakuifanya. Hata hivyo, intaneti ya ofisi hiyo ilikuwa ya polepole kiasi kwamba kutuma gigabaiti mia kadhaa kungechukua siku nyingi, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Mmoja wao alisafiri kwa ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski uwanjani, na huyo akaipeleka London.

Maersk ilikadiria hasara ya dola za Marekani kati ya milioni 250 na 300. Mfanyakazi aliyeitoa diski Ghana hatajwi jina katika taarifa ya Greenberg.