Kopo, waya na sikio la wazee: ala za taka na watoto wa Garsen

Satonge ni ala ya uzi mmoja ambayo huipati dukani. Mwili wake ni kopo tupu la bati. Kwenye kopo hilo huchomekwa kijiti kilichopinda mfano wa upinde, na kutoka ncha ya kijiti mpaka kwenye kopo huvutwa waya mmoja. Mpigaji huudonoa waya kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili hukivuta kijiti au kukiachia. Waya ukikazika sauti hupanda, ukilegea hushuka. Aliyeibuni ala hii ni Roger Landu, mtoto wa mitaani wa Kinshasa, Kongo, na kwa kopo hilo alifika kwenye majukwaa ya Ulaya na Japani.

Ndugu msomaji, namleta Landu hapa kwa sababu sisi wa Garsen na vijiji vya mto Tana tuna makopo mengi kuliko tunavyotaka. Mafuriko yakipita, kama yale ya mwisho wa 2023 na ya Aprili na Mei 2024, maji hurudi mtoni na kutuachia jerikeni, chupa, ndara na mabati kwenye tope. Watoto hawangoji kuambiwa. Jioni utawasikia wakipiga madebe nyuma ya nyumba, na mtu mzima akipita huwaambia waache kelele. Kwa maoni yangu ile kelele ni nusu ya muziki, na nusu ya pili tunayo sisi watu wazima. Tukiwanyima, itabaki kelele kweli.

Landu alikuwa akitafuta riziki kwa kupiga satonge barabarani. Mambo yalibadilika alipochukuliwa na kundi la Staff Benda Bilili, lililoongozwa na Ricky Likabu na Coco Ngambali. Wengi katika kundi hilo walikuwa watu wazima waliopooza miguu kwa polio, wakitembelea baiskeli za magurudumu matatu na kufanya mazoezi katika bustani ya wanyama ya Kinshasa. Watu hawa, ambao nao hawakuwa na kitu, walimkalisha kijana kati yao na kuipa satonge nafasi yake katikati ya magitaa. Albamu yao, Très Très Fort, ilitoka 2009, na mwaka huo huo wakapata tuzo ya wasanii ya WOMEX. Mwaka 2010 filamu juu ya maisha yao, Benda Bilili!, ilionyeshwa Cannes, Ufaransa. Kopo Landu alikuwa nalo tangu mwanzo. Alichokosa ni wakubwa wa kukaa naye.

Wala hili si jambo la Kongo peke yake. Zanzibar wana kidumbak, ngoma ya harusi iliyo ndugu wa taarab. Besi yake huitwa sanduku, na ni sanduku kweli, lile la mbao nyepesi lililokuwa likisafirishia majani ya chai. Hutiwa uzi mmoja na fimbo, na mpigaji huivuta fimbo ili uzi ukazike. Ni kazi ile ile ya satonge, ila hii husema kwa sauti nyembamba na lile kwa sauti nzito. Pembeni huwa na fidla, vigoma viwili, mkwasa na cherewa. Makame Faki, maarufu kwa jina la Sauti ya Mbuyu, aliimba taarab na Culture Musical Club na akaimba kidumbak pia, wala sanduku la chai halikumpunguzia heshima.

Kwetu huku nako, kayamba ni matete na mbegu, na upatu ni sahani ya shaba inayogongwa. Debe la mafuta limepigwa harusini miaka na miaka. Hata msomaji asiyependelea ala za muziki anaijua dufu, na anajua kwamba kabla ya maulidi ngozi hupashwa moto ili ikaze. Hilo hatukulisoma kitabuni. Tuliwaona wakubwa wakifanya, tukajua.

Mfano mwingine uko Lamu, mwisho wa barabara inayoanzia hapo Minjila. Mwaka 2018 ilishushwa majini Flipflopi, mashua ya urefu wa mita 9 iliyoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, kisha ikafunikwa kwa maelfu ya ndara kuukuu. Mwanzoni mwa 2019 ilisafiri kilomita zipatazo 500 mpaka Zanzibar. Plastiki ilikuwa imejaa ufuoni, mtu yeyote angeweza kuiokota. Walioifanya iwe chombo cha kustahimili mawimbi ni fundi Ali Skanda na wenzake, wenye elimu ya kuunda majahazi. Bila elimu hiyo ingebaki rundo la taka.

Na mto Tana una hazina yake ya muziki. Mahadhi ya Wimbo wa Taifa wa Kenya yalitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Mwaka 1963 kamati ya watu watano, yaani Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, iliyachukua mahadhi hayo ikayatia maneno mapya na mpangilio mpya. Mzee Meza Moroa Galana wa Tana River ndiye aliyetajwa kwa miaka mingi kuwa aliwapa wimbo huo. Kabla ya hapo haukuwa umeandikwa kwa noti wala kupigiwa piano. Uliishi vinywani mwa akina mama, kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Nyimbo za namna hiyo zikikosa wa kuzipokea kwa kizazi kimoja tu, hakuna kopo litakalozirudisha.

Sasa, kwa mzazi au mwalimu anayetaka kuanza, kanuni ni chache. Uzi ukiwa mrefu au umelegea hutoa sauti nzito, na ukiubana katikati kabisa hutoa sauti ile ile ya mwanzo lakini ya juu yake. Bomba la maji la plastiki lililozibwa upande mmoja hufuata kanuni hiyo hiyo ya urefu. Lenye sentimita 32 hutoa sauti iliyo karibu na do ya katikati ya piano, na la sentimita 16 hutoa do ya juu yake. Lipige mdomoni kwa ndara kuukuu utaisikia. Jerikeni la lita 20 huvuma kwa sauti nzito kuliko la lita 5, maana lina hewa nyingi zaidi ndani. Waya wa breki ya baiskeli hufaa kwa uzi.

Usalama nao usisahauliwe. Chombo kilichowahi kutiwa dawa ya shamba kisiguswe kabisa, hata kikiwa kimeoshwa. Makali ya kopo yakunjwe ndani kwa koleo, na ncha za waya zifungwe kitambaa.

Hayo yote mtoto anaweza kuyasoma. Kujua kama bomba likatwe kidogo tena ili likubaliane na wimbo fulani, hilo linataka sikio lililozoea wimbo wenyewe.

Huko Paraguay, Amerika ya Kusini, liko jalala la Cateura karibu na jiji la Asunción. Favio Chávez alianza kuwafundisha muziki watoto wa hapo, vyombo vikawa vichache kuliko wanafunzi. Ndipo mwokota taka mmoja, Nicolás Gómez, akaanza kuunda fidla na selo kwa mapipa na mabati. Leo orkestra hiyo imezunguka nchi nyingi. Ukiangalia vizuri utaona kwamba mwalimu alitangulia, na taka zikafuata.

Sisi tunafanya kinyume. Mtaala wa CBC unawataka wanafunzi waunde ala kwa vifaa vilivyo karibu nao, na yanayofuata tunayajua. Mtoto hukumbuka usiku, mzazi huhangaika, na asubuhi chupa yenye kokoto hupelekwa shuleni, hupewa alama, kisha hutupwa pale pale ilipookotwa. Naziomba shule zetu, kutoka Garsen mpaka Ngao na Kipini, ziongeze jambo moja tu. Siku ya kazi hiyo aitwe mzee mmoja wa Kipokomo anayejua nyimbo za mtoni, na mmoja wa Kiorma anayejua nyimbo za malishoni, wakae na watoto mpaka zile chupa na madebe yafuate wimbo. Nauli na chai yao haiwezi kuishinda kamati ya wazazi.

Nataja wazee wa pande zote mbili kwa makusudi. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa hapa Delta katika mapigano ya Wapokomo na Waorma. Sisemi kwamba debe litaleta amani ambayo vikao vingi vimeitafuta. Lakini watoto wa jamii hizi mbili wanaookota jerikeni kwenye tope moja wangefaa wajue nyimbo za wenzao kabla ya kurithishwa ugomvi wa wakubwa.

Taka tunazo, na mafuriko yajayo yataleta nyingine. Wazee wenye nyimbo wanapungua kila mwaka. Muhula ujao shule zikifunguliwa, tuwaite wangali wako nasi, inshallah.