Dumu si kilo: kinachohesabika na kinachopimwa katika mzigo wa Rumonge

Katika biashara ya mpakani, kitu huhesabika pale kimoja kinapojitenga na kingine: ng'ombe, baiskeli, bati. Ukikata ng'ombe vipande viwili huna ng'ombe wawili. Mafuta ni tofauti. Ukiyagawa bado ni mafuta, na hakuna asemaye "mafuta matatu" ila akiwa na maana ya aina tatu. Kinachohesabika ni chombo.

Rumonge, mji wa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kusini mwa Bujumbura, unafahamika kwa mawese na dagaa (ndagala kwa Kirundi). Mawese huuzwa kwa dumu la lita 20. Mnunuzi huhesabu madumu, dereva hupakia kwa idadi, lakini karatasi za forodha zinataka kilo. Mawese yako katika kifungu namba 1511 cha orodha ya kimataifa ya bidhaa, samaki waliokaushwa 0305, na vyote viwili huandikwa kwa uzito.

Hasara nyingi huanzia hapo. Lita 1 ya mawese ina uzito wa takriban kilo 0.9, si kilo 1. Madumu 100 yaliyojaa sawasawa ni lita 2,000, yaani kama kilo 1,800 za mafuta matupu. Anayeandika kilo 2,000 ameongeza kilo 200 ambazo hana, na anaweza kuzilipia ushuru. Uzito wa madumu yenyewe huandikwa kando, kwenye uzito wa jumla. Tena dumu huvimba, na likijazwa hadi mdomoni hupita lita 20, lililobonyea halifiki.

Dagaa ni wagumu zaidi. Kila mmoja ni samaki kamili na angeweza kuhesabiwa, ila hakuna mwenye muda huo. Kwa hiyo huuzwa kwa ndoo, gunia au kilo. Gunia likipata unyevu njiani huongezeka uzito bila dagaa kuongezeka, na likikauka hupungua bila mtu kuiba. Msafirishaji aliyepokea kwa idadi ya magunia asikubali kudaiwa kwa kilo, isipokuwa mizani ilitumika wakati wa kupakia na stakabadhi inaonyesha hivyo.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya hutumika kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ikiwa bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Thamani hiyo hutokana na kiasi kilichoandikwa, hivyo kilo 200 za kubuni zinaweza kuutoa mzigo mdogo nje ya utaratibu huo.