Huduma za maktaba mtandaoni nchini Tanzania

Huduma za maktaba mtandaoni ni kazi za maktaba zinazomfikia msomaji kupitia kompyuta au simu, bila yeye kufika kwenye jengo lenyewe. Nchini Tanzania zinajumuisha katalogi za mtandaoni, hazina za maandiko ya kidijitali, tovuti na kurasa za mitandao ya kijamii.

Historia

Huduma ya maktaba za umma ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa jijini Dar es Salaam na Rais Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Maktaba nyingine za umma zilijengwa hasa katika miji ya mikoa na ya baadhi ya wilaya, hivyo vijiji vingi vilibaki mbali na vitabu.

Mkoa wa Morogoro

Mjini Morogoro iko Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1991 ndani ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Pamoja na kuhudumia wanafunzi na watafiti, ina wajibu wa kukusanya na kusambaza maarifa ya kilimo kwa nchi nzima.

Tasnifu na makala za chuo huwekwa katika hazina ya mtandaoni inayotumia DSpace, ambayo ni programu huria. Yeyote anaweza kuzisoma bila malipo, ila karibu zote ni za Kiingereza, lugha ambayo wakulima wengi hawaitumii. Ndiyo maana hazina nyingine ya maktaba hiyo, iitwayo Mkulima, ina umuhimu wa pekee: hukusanya vijitabu na vipeperushi kuhusu mazao na mifugo, vikiwemo vya Kiswahili.

Kwa mkulima wa kata ya Masanze, wilayani Kilosa, kufuata kijitabu mjini Morogoro ni nauli na siku nzima ya kazi. Hata hivyo, simu ndogo ya vitufe haifungui faili la PDF, na kurasa zilizoskaniwa kama picha hula bando haraka. Maandishi mafupi yanayopita kwa WhatsApp, kwa mfano katika kikundi cha afisa ugani na wakulima wake, husomwa kwa urahisi zaidi. Ukurasa wa Facebook unaotangaza saa za kufungua tu haumsaidii mtu asiyeweza kufika.

Vitabu vingi vilivyomo rafuni vina hakimiliki, na maktaba haiwezi kuviweka mtandaoni bila ruhusa ya wenye haki.