UZI: Mechi ikisha, uwanja unabaki na nani?

1. Usiku ule Harambee Stars walipotolewa na Madagaska kwa penalti pale Kasarani, Agosti 2025, sisi huku Faza tulikuwa tumejazana mbele ya televisheni moja kama kawaida. Penalti zilipokwisha watu hawakutawanyika. Mjadala ukatoka kwenye mpira ukaingia kwenye viwanja.

Kijana mmoja akasema: "Sisi hapa tunangoja mvua ijaze jabia, huko wanajenga viwanja vya mabilioni."

Mzee mmoja akamjibu: "Mwanangu, nchi nayo hujengewa jina."

Nimeona mabishano hayo hayo humu mtandaoni, ila huku yana matusi zaidi. Hebu tuyapitie kwa historia. Chama cha mtu sitakitaja, wala jina la mwanasiasa.

2. Kwanza tuwe wakweli: wote wawili wana hoja. Maji ni haki, na mashindano makubwa huleta kazi, barabara na fahari ambayo huwezi kuipima kwa mizani ya sokoni. Tatizo ni kwamba mjadala wetu hukwama kwenye "tujenge au tusijenge". Swali linalouma zaidi ni hili: siku ya pili baada ya fainali, nani anautumia uwanja, na nani analipa bili ya umeme, maji na nyasi? Uendelevu wenyewe ndio huo. Miti inayopandwa getini siku ya ufunguzi ni pambo tu.

3. Turudi 1987. Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika, ya nne tangu ianzishwe. Kwa ajili yake ukajengwa uwanja wa Kasarani kwa msaada wa China, watu 60,000, pamoja na ukumbi wa michezo ya ndani, bwawa la kuogelea na hosteli. Kwa mpango wa wakati ule ilikuwa hatua nzuri, kwa sababu michezo mingi iliwekwa mahali pamoja. Kasarani haikufa. Imeandaa mbio za dunia za vijana mwaka 2017 na tena 2021. Imeapisha viongozi. Na Aprili 2014 ikageuzwa kizuizi cha watu waliokamatwa kwenye misako ya usalama, jambo ambalo sisi wa mpakani hatujalisahau. Uwanja ukishajengwa, matumizi yake huamuliwa na mwenye ufunguo.

4. Lakini kujenga ni kitu kimoja, kutunza ni kingine. Kenya ilipewa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996, ikanyang'anywa kwa sababu ya maandalizi, likaenda Afrika Kusini. Ikapewa CHAN ya 2018, ikanyang'anywa Septemba 2017, ikaenda Moroko. Kisha Juni 2024 timu ya taifa ikacheza mechi zake za "nyumbani" za kufuzu Kombe la Dunia huko Malawi, maana hapa kwetu hapakuwa na uwanja ulioidhinishwa. Nchi iliyojenga uwanja wa watu 60,000 mwaka 1987 ilienda kuomba uwanja kwa jirani. Saruji ilikuwepo. Kilichokosekana ni matunzo ya kila mwaka, yale yasiyokatiwa utepe.

5. Halafu kuna ahadi. Kampeni za 2013 zilikuja na viwanja vipya vya kimataifa katika miji mitano, Mombasa ikiwemo. Mnakumbuka. Kilichofuata tunakijua: uwanja wa manispaa Mombasa ulivunjwa ujengwe upya, kazi ikakwama miaka. Kamariny, kule Iten wanakotoka mabingwa wa dunia, ulifungwa kwa ukarabati, wanariadha wakabaki kukimbia barabarani. Yaani watu walikuwa na uwanja mdogo unaotumika kila asubuhi, wakaahidiwa mkubwa, wakakosa wote wawili. Mshika mawili moja humponyoka, sisi yalituponyoka yote.

6. Sasa niwalete kwetu kidogo, msinichoke. Nyumba za mawe za visiwa hivi, Lamu, Pate, Siyu, zilijengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukiingia nyumba ya kale utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Si kwamba fundi alipenda vyembamba. Boriti ndiyo iliyoamua. Fundi hakuchora ukumbi mpana kisha akatafute mti wa kuufunika. Alianza na mti uliopo, akajenga kadiri yake. Kuta nene zilizuia joto, vichochoro vyembamba vikatoa kivuli, na upepo wa bahari ukapewa njia. Hakuna aliyeita hiyo "ujenzi endelevu". Ilikuwa akili ya kawaida.

7. Boriti hizo hizo, zikihesabiwa kwa korija, miti ishirini ishirini, zilipakiwa majahazini zikaenda kuezeka nyumba za Ghuba, hadi marufuku ya 1982 ilipofunga biashara ya kuziuza nje. Vyumba vya kale vya huko navyo vilifuata urefu wa mti wa Lamu. Kwa hiyo Katar ilipoandaa Kombe la Dunia 2022 na kujenga Al Wakrah, mji wa kale wa wavuvi na wazamia lulu, uwanja wa watu 40,000 wenye umbo la jahazi, sisi tulikuwa na haki ya kuuangalia kwa jicho la ndugu. Tena vijana wengi wa Afrika Mashariki walikuwa huko wakifanya kazi kwenye joto lile, na sio wote waliorudi na hadithi nzuri.

8. Katar inatufundisha mambo mawili. La kwanza: uwanja wa Al Wakrah ulipangwa tangu mwanzo upunguzwe nusu ya viti baada ya mashindano, na viti hivyo vipewe nchi zinazohitaji. Uwanja mwingine, 974, ulijengwa kwa makontena ya meli 974, ili ufunguliwe na kuhamishwa. Ulikaa karibu na bahari, haukuwekwa mitambo ya kupoza hewa, na mechi zake zilichezwa usiku. Wazo zuri kabisa.

La pili: mpango ni mpango tu. Mashindano yalipokwisha 974 ulibaki umesimama, ukatumika tena kwa mechi nyingine hata Desemba 2024. Kwa hiyo mwanasiasa akikwambia "huu utabomolewa" au "huu utatumiwa na jamii", mwulize: tarehe gani, kwa bajeti ya nani?

9. Mfano wa karibu zaidi uko Zanzibar. Uwanja wa Amaan ulijengwa 1970. CHAN ilipokaribia hawakuuhama wakatafute shamba jipya nje ya mji. Waliukarabati pale pale ulipo, ukafunguliwa tena Desemba 2023 ukiwa na viti 15,000 hivi. Ni mdogo. Lakini uko mjini, watu wanafika kwa miguu na daladala, na mechi za ligi zinauchangamsha. Chumba kimepimwa kwa boriti.

10. Sasa Nairobi. Kwa AFCON ya 2027, ambayo Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja Septemba 2023, unajengwa uwanja wa Talanta upande wa Barabara ya Ngong, watu 60,000, kazi ilizinduliwa Machi 2024. Utakuwa uwanja wa tatu mkubwa katika jiji lenye Kasarani na Nyayo tayari. Wanaoutetea wanasema Kasarani imechoka na ratiba imebana. Sawa. Ila CHAN yenyewe ilituonyesha jambo: mashabiki walipoingia kwa fujo bila tiketi, CAF ilipunguza idadi ya watu wa kuingia Kasarani. Shida pale ilikuwa milango, njia na mpangilio wa umati. Viti havikuwa vimepungua.

11. Na pesa je? Hapa ndipo Faza inaingia. Talanta umekopewa kwa hati fungani ya takriban shilingi bilioni 44.8, ya miaka 15, kwa riba ya karibu 15 kwa mia, iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Nairobi Julai 2025. Malipo yanategemea mfuko wa michezo, sanaa na maendeleo ya jamii, ambao chanzo chake kikubwa ni ushuru wa kamari. Kwa hiyo yule kijana wetu wa jabia, anayebeti shilingi hamsini kwa simu kila Jumamosi, ni mmoja wa walipaji. Ili aufikie uwanja anaoulipia anahitaji mashua hadi Mokowe na basi kutwa nzima na zaidi. Na mfuko huo huo uliundwa usaidie pia afya na sanaa. Hilo si tusi kwa mtu yeyote. Ni hesabu.

12. "Basi tusijenge?" Sikusema hivyo. Mzee wangu wa baraza ana haki, jina la nchi ni kitu. Ninachosema ni kwamba wananchi waulizwe kabla ya msingi kuchimbwa. Lamu tunalijua somo hilo: bandari ilianza kujengwa, kesi ikaja, na mwaka 2018 Mahakama Kuu Malindi ikaamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kuwasikiliza watu mwanzoni kungekuwa rahisi zaidi.

13. Kwa hiyo mara nyingine mtu akija na mchoro wa uwanja, wa chama chochote, muulize haya matano:
– Baada ya mashindano, timu gani itacheza hapa kila wiki?
– Bajeti ya matunzo ya mwaka ni kiasi gani, na imeandikwa wapi?
– Kuna uwanja wa zamani ungeweza kukarabatiwa?
– Mtu asiye na gari atafikaje, na atatokaje usiku?
– Deni litakwisha mwaka gani, na analilipa nani?
Akijibu yote, mpigie makofi. Akikujibu kwa picha ya kompyuta, subiri kwanza.

14. Usiku ule Faza mzee alisimama akakung'uta kikoi, akamwambia yule kijana: "Na wewe ukijenga nyumba, usianze na paa." Kijana akacheka, akasema yeye anaanza na jabia. Wakaondoka pamoja. Mwisho wa uzi.