Kinywe cha Ruangwa na siasa ya vipimo

Mwaka 1941, mjini Heidelberg, mwanafizikia Walther Bothe alipima jinsi kinywe, yaani grafiti, kinavyomeza nyutroni. Akaona kinameza nyingi mno, hakifai kujengea tanuri la nyuklia. Kinywe alichotumia kilikuwa na uchafu, lakini jibu lake lilikubaliwa, na Wajerumani wakategemea maji mazito kutoka Norway. Ng'ambo ya Atlantiki, Leo Szilard alikuwa ameshatambua kwamba mkosaji ni boroni, na akawabana watengenezaji waiondoe. Enrico Fermi alitaka vipimo vyao vichapishwe, kama ilivyo desturi ya wanasayansi. Szilard alikataa katakata, na mwaka 1940 matokeo yale yakafungiwa kabatini. Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Chicago, tani zipatazo 350 za kinywe, zilizopangwa tofali juu ya tofali pamoja na urani, zilianzisha mmenyuko mfululizo wa kwanza wa nyuklia uliosababishwa na binadamu.

Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa bomu la atomiki ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na vibarua wa Kikongo ambao hakuna aliyewaeleza mzigo ule unakwenda kufanya nini.

Kinywe cha Chicago hakikutoka kwetu Tanzania, kilitengenezwa kiwandani kwa masalia ya petroli. Lakini tangu hapo, mwenye kipimo cha jiwe ndiye mwenye kauli juu yake, hata kama jiwe lenyewe liko shambani kwa mtu mwingine. Nachingwea, kusini mwa nchi, ililijua hilo mapema. Miaka ya 1940 Waingereza waliipigia hesabu za ekari na tani za karanga, hesabu zilizofanyika kwa haraka. Wakajenga reli kutoka pwani, wakaanza bandari ya Mtwara. Januari 1951 mpango huo wa karanga ulifutwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikaandikwa hasara. Reli ilidumu kidogo tu baada ya Uhuru, kisha ikang'olewa.

Wakati huo wote kinywe kilikuwa kimelala Ruangwa, wilaya jirani. Ukiokota jiwe lake linateleza mkononi na kukuachia weusi unaong'aa vidoleni, kwa sababu atomu za kaboni zimekaa kwa matabaka kama karata, na matabaka hayo hayashikani sana. Mwanya huo kati ya tabaka na tabaka ndio wenye pesa. Karibu mwaka 1980, huko Grenoble, Rachid Yazami, mzaliwa wa Fez nchini Morocco, alionyesha kwamba lithiamu inaweza kuingizwa humo kwa umeme na kutolewa tena. Mwaka 1991 Sony walianza kuuza betri za lithiamu, na baadaye kinywe kikawa ndani ya karibu kila simu. Tuzo ya Nobel ya betri hizo ilitolewa mwaka 2019 kwa wanasayansi watatu, na Yazami hakuwamo. Kanuni hairuhusu zaidi ya watatu. Anayetaka kujifariji kwa hilo na ajifariji.

Kampuni ya Australia iliyokuwa ikitafuta nikeli Nachingwea, IMX Resources, ndiyo iliyokutana na kinywe cha Chilalo, wilayani Ruangwa. Mgodi mwingine wa wilaya hiyo, Lindi Jumbo, umepata jina lake kutokana na ukubwa wa magamba ya kinywe chake. Namna ya kukitenga ni fizikia unayoweza kuitazama kwa macho: jiwe husagwa, humwagiwa maji, hupulizwa hewa, na kinywe, kwa kuwa hakipendi maji, hung'ang'ania mapovu na kupanda nayo juu. Hapo hufikia usafi wa takriban asilimia 95. Betri inataka 99.95, tena kwa chembe zilizoviringishwa, na zaidi ya asilimia 90 ya kazi hiyo hufanyika China. Desemba 2023 China ilianza kudai kibali kwa kinywe kinachotoka nje ya mipaka yake. Sheria yetu ya mwaka 2017 inaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika mgodi. Hisa hizo zinaishia mgodini. Kiwanda cha kuviringisha chembe kikiwa China, hazifiki huko.

Nikeli nayo ina kisa chake. Madini yake ya salfaidi hupitisha umeme vizuri kuliko miamba inayoyazunguka, ndiyo maana watafutaji huyasaka kwa mawimbi ya sumakuumeme kabla ya kuchoronga. Kilima cha Ntaka, Nachingwea, kilichorongwa miaka mingi, hakikuchimbwa. Mwaka 2018 kanuni mpya zilifuta leseni za kuhodhi maeneo, ikiwamo ya Ntaka. Wawekezaji wa Ntaka walikwenda kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, chini ya mkataba wa uwekezaji kati ya Uingereza na Tanzania. Julai 2023 Tanzania iliamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 109. Mwaka uliofuata pande mbili zilimalizana kwa dola milioni 90. Kwa kilima ambacho hakijatoa hata lori moja la nikeli, kilicholipiwa kilikuwa haki juu ya kile ambacho vipimo vilisema kimo ardhini. Mdai wa kwanza kwenye jalada la kesi ni kampuni iliyosajiliwa Uingereza, na jina lake ni Nachingwea U.K. Limited.